Mwanajeshi Aliyengoja Diski Ipangwe

Kompyuta yetu ya kwanza ilifika Hewa Bora, mtaa wetu wa Lubumbashi, juu ya mifuko ya maharage. Yaya, yaani dada yangu mkubwa, alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma ya kamyoneti, lile gari dogo la mizigo, nimeikumbatia skrini kama mtoto mwenye homa, na kila tulipoingia shimoni niliomba radhi kwa sauti, sijui kwa nani. Ofisi moja ya mjini ilikuwa inafunga milango, wakubwa wake wanarudi kwao, na vitu vilivyobaki viligawiwa waliokuwa wafanyakazi. Wengine walichagua viti, wengine mapazia. Yaya, aliyekuwa sekretari pale tangu ujana wake, alichagua kompyuta, ingawa hakuwahi kuigusa hata siku moja. Alikuwa mtu wa mashine ya kupiga chapa, ile nzito ya chuma.

"Minaikamata ju yako," aliniambia. "Wee ulisoma. Utaiongoza."

Nilikuwa nimesoma, kweli, lakini chuo kikuu kilikuwa kimefungwa tena na hakuna aliyejua kitafunguliwa lini. Miaka ile Lubumbashi kila kitu kilikuwa kinafungwa. Migodi ilisinzia, mabasi ya serikali yaliozea uwanjani, walimu walikuwa wanauza makala, yaani mkaa, na mume wa yaya, aliyesomea uhandisi, alikuwa anatengeneza viatu barazani kwake huku akipiga mluzi. Pesa zenyewe zilibadilika kila mara, noti mpya zikifika kabla ya za zamani kuchakaa. Watu walifungua biashara mlangoni kwao wakauza chochote walichokuwa nacho. Sisi tulikuwa na kompyuta, kwa hiyo tukafungua sekretaria, chumba kimoja cha kuandikia watu barua, mialiko ya harusi, matangazo ya msiba na mitihani ya shule.

Chumba hicho alitupa mwenye kamyoneti. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mrefu na mpole, aliyeuza maharage, sabuni na chumvi kwa magunia, na mke wake alikuwa anaimba kwaya moja na yaya. Tulimwita Papa wa Depo, yaani baba mwenye ghala, kwa sababu depo yake ilikuwa ukuta mmoja na sisi. Alikuwa na grupu pia, jenereta ndogo nyekundu iliyopiga kelele kama pikipiki iliyokwama, na umeme ulipokatika alitupitishia waya kupitia tundu la ukuta.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baada ya miezi kadhaa mashine ikaanza kuwa nzito. Nikiifungua barua ya nusu ukurasa, diski ndani ya sanduku ilikuwa inakwaruza na kukwaruza, mteja amesimama ananitazama, mimi namtazama yeye, tunatabasamu wote wawili bila sababu. Tulimwita fundi.

Fundi wetu alizaliwa Lubumbashi, wazazi wake wametoka Kasai. Zamani aliongoza chumba cha kompyuta katika kampuni moja kubwa, na alikuwa na diploma kutoka Ulaya. Ndugu zake wengi waliondoka kwa treni miaka michache kabla, wakati watu wa Kasai walipokuwa wanafukuzwa jimboni kwetu. Yeye alibaki, na ukimwuliza sababu alijibu kwamba mashine zake hazipendi treni, kisha akabadilisha mazungumzo. Alikuja na begi lake la ngozi, akaketi, akaisikiliza diski kichwa kimeinama, akatueleza kwa subira.

Barua moja, alisema, haikai mahali pamoja ndani ya diski. Mashine huiweka palipo wazi, kipande huku na kipande kule, na kadiri siku zinavyokwenda vipande hutawanyika, ndiyo maana inachelewa kuvikusanya. Kuna programu ya kuvipanga upya. Lakini wakati wa kupanga, mashine hunyanyua kila kipande na kukihamishia kwingine, na umeme ukikatika kipande kikiwa hewani, huenda kisitue popote.

"Kwanza tunakopia kila kintu ku disketi," alisema, akikunja kidole kimoja. "Nyuma tunakagua kama diski iko muzima. Kisha ile tu njo tunapanga. Na courant kama haina ya hakika, hatugusi kintu."

Akatutazama, akatazama taa ya chumba ambayo ilikuwa inapepesa kwa umeme dhaifu, akafunga begi lake. Angerudi siku ambayo Papa wa Depo angekuwa na mafuta ya kutosha kwenye grupu. Kwanza alikuwa na safari ya Likasi.

Hapo ndipo shemeji, yule mume wa yaya, alipoamua kutusaidia. Shemeji ni mtu wa furaha asiyeweza kuona kitu kimeharibika bila kutia mkono. Alipata disketi kwa rafiki yake, ndani yake programu ya kutengeneza diski, iliyosifiwa sana siku zile kompyuta zilipokuwa na skrini nyeusi na maandishi tu. Mashine yetu ilikuwa na mfumo mpya zaidi, lakini yeye alifikiri dawa ni dawa. Sisi tulikuwa kanisani. Aliiingiza disketi, programu ikamwambia kuna makosa mengi mno, ikamwuliza kama itengeneze, naye akajibu ndiyo, kisha ndiyo, kisha ndiyo kwa yote. Tuliporudi tulimkuta anatungoja mlangoni, mikono kiunoni, anatuambia mashine imepona.

Asubuhi yake alikuja mama mmoja kuchukua mialiko ya binti yake. Nikafungua mahali tulipohifadhi mialiko. Kabla ya hapo kila faili ilikuwa na jina refu la kueleweka kwa Kifaransa: mariage, yaani harusi, ya binti wa mama fulani, kanisa fulani, mwezi fulani. Sasa niliona safu ya majina yaliyokatwa shingo. MARIAG, alama ya kiwimbi, moja. MARIAG, kiwimbi, mbili. Chini yake matangazo ya misiba nayo vilevile, na mitihani ya shule, na barua za kuomba kazi. Ile programu ya zamani haikuwa imewahi kuona majina marefu. Iliyaona kama uchafu, ikayafagia yote.

Yaya aliinama nyuma yangu akasoma skrini.

"Sasa hii mariage ni ya nani?" akauliza.

Tulimkalisha yule mama, tukaanza kufungua moja baada ya nyingine. Faili zenyewe zilikuwa nzima, ni majina tu yaliyopotea, kwa hiyo tulipita katikati ya harusi za mtaa mzima, na yule mama alizifurahia kuliko alivyofurahia soda tuliyompa. Huyu alimjua, yule alisikia wameahirisha, hawa kumbe wanafungia ndoa katika ukumbi ule ule wa binti yake. Mwaliko wa binti yake ulipotokea hatimaye, aliomba tuendelee kidogo.

Shemeji alikaa siku ile bila kupiga mluzi. Fundi aliporudi kutoka Likasi tukamwonyesha, nami nilikuwa na hofu kwamba atatukaripia. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Alimshika shemeji mkono akamwambia kosa hilo hata yeye amewahi kuliona kwa watu wenye vyeo, na kwamba ashukuru programu ilikula majina ikaacha nyama. Kisha akaichukua ile disketi, akaivunja mbele yetu kwa kuikunja juu ya goti. Tangu siku hiyo chombo cha mfumo wa zamani hakikuingia tena katika mashine yetu. Alinakili kazi zetu kwenye disketi, lakini kupanga diski kukangoja mafuta ya kutosha kwenye grupu.

Lakini ajali hiyo ilileta jambo ambalo sikulitegemea. Majina yote yalipaswa kuandikwa upya, na mimi nilikuwa na kazi za wateja, kwa hiyo yaya aliketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Alianza kwa kuigusa panya ya kompyuta kwa ncha ya kidole. Mwisho wa juma alikuwa anafungua, anasoma, anabadilisha jina na kufunga, vidole vyake vya sekretari vinakwenda mbio kuliko vyangu, na mimi nikisogea karibu ananiambia namzibia mwanga. Ndivyo kiti cha kompyuta kilivyohama kutoka kwangu kwenda kwake, na sikukirudisha tena.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata vita ya waasi ilianza kusikika. Ilitoka mashariki, mji baada ya mji, na redio zilikuwa zinasema kila moja la kwake. Ajabu ni kwamba kazi iliongezeka. Watu waliokuwa wamechumbiana miaka mingi waliamua kuoana mara moja, na wazazi walikubali haraka, kwa sababu hakuna aliyejua mwezi ujao utakuwaje. Yaya aliandika mialiko kutwa. Ikafika siku ambayo milio ya bunduki ilisikika upande wa uwanja wa ndege, na wanajeshi wa serikali ya zamani wakaanza kuondoka wakibeba chochote kilichobebeka: redio, magodoro, friji kwenye toroli.

Fundi alifika mchana ule akitembea karibu na kuta. Alisema sanduku la mashine linaweza kuibiwa na dunia isiishe, ila diski ndiyo yenye kazi zetu zote. Umeme ulikuwa umekatika ghafla asubuhi yaya akiwa katikati ya kuhifadhi mwaliko, na hilo lilimtia fundi wasiwasi. Akafungua skurubu, akatoa diski, kitu kidogo cha chuma kinachoenea kiganjani. Tukaifunga kwa kitambaa, kisha mfuko wa plastiki, kisha kitambaa tena, na Papa wa Depo akaizika katikati ya gunia la maharage, akashona mdomo wa gunia. Disketi zenye nakala nilizifunga kiunoni ndani ya kitenge. Kisha kila mtu akaingia kwake akalala chini sakafuni.

Tulipotoka mji ulikuwa na wenyewe wapya. Watu walikuwa barabarani wanaimba, wamebeba matawi. Askari walioingia walikuwa wembamba, wamevaa buti za mpira kama watu wanaokwenda kulima bondeni, na walisema Kiswahili. Wale wa zamani walizoea kutuamuru kwa Kilingala, na kusikia askari anaomba maji kwa Kiswahili kuliwafanya wamama wengine wacheke kwa mshangao. Sekretaria yetu ilikuwa imefunguliwa kwa teke, viti vimekwenda, saa ya ukutani imekwenda. Sanduku la kompyuta, skrini na printa vilikuwa chini, vimepinduliwa, hakuna aliyevitaka.

Ilibaki kulikumbuka gunia. Papa wa Depo alikuwa amelitia alama, lakini katika kuhamisha mali isionwe na waporaji, magunia yalikuwa yamechanganyika. Tulifungua moja, tukaingiza mikono mpaka kwapani. La pili. Shemeji alipiga mluzi kwa mara ya kwanza tangu milio ya bunduki ianze alipolipata, akainua lile furushi juu ya kichwa chake kama mtu aliyevua samaki.

Fundi aliirudisha diski mahali pake kesho yake asubuhi. Mashine ikawaka. Alikuwa amepauka kidogo, ila mikono yake haikuwa na haraka. Kwanza alinakili kazi mpya kwenye disketi. Alifunga kila programu nyingine, hata ile iliyokuwa inachora samaki kwenye skrini mtu akiacha kuandika, kwa sababu, alisema, wakati wa kazi hii hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa diski. Kisha akaanzisha ukaguzi. Programu ikaona vipande visivyo na mwenyewe, mabaki ya ule mwaliko uliokatizwa, ikauliza ifanye nini. Shemeji alikohoa. Fundi akaomba disketi tupu, akaiagiza programu iandike humo kila itakachobadilisha ili aweze kurudi nyuma, ndipo akaikubalia. Iliposema diski haina kosa tena, akageuka kwa Papa wa Depo.

"Papa, mafuta itatosha mpaka mwisho?"

Papa wa Depo alijibu kwamba mafuta aliyokuwa ameficha kwa ajili ya kusagia unga yote yako ndani ya grupu. Sokoni hayakuwepo tena kwa bei yoyote. Basi fundi akaanzisha kupanga.

Skrini ilijaa viraba vidogo vya rangi. Kila kiraba kilikuwa sehemu ya diski: vingine vya bluu, vingine vyekundu, vingine vyeupe, na polepole vilikuwa vinahama na kujipanga mistari kuanzia juu. Yaya alikunja mikono akatazama. Nje grupu ilikuwa inanguruma, na ndiyo iliyotuletea wageni, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa kimya na kelele ilikuwa yetu peke yetu.

Waliingia askari wawili wa buti za mpira. Mmoja alibaki mlangoni. Mwenzake, mtu mzima kidogo, mwenye ndevu chache na bunduki iliyofungwa kwa kamba ya katani, aliuliza grupu ni ya nani. Walihitaji jenereta kambini, alisema, nje ya mji, njia ya Kinsevere, kwa ajili ya redio yao ya mawasiliano. Alisema bila ukali, kama mtu anayeagiza chai, na akanyoosha mkono kwenye waya wetu kuung'oa.

Fundi alisimama kati yake na waya. Akamwambia kwa heshima kwamba grupu atapewa, hakuna anayemkatalia, ila akiizima sasa kazi ya mtaa mzima itapotea, na haitapatikana tena. Askari alitazama pale fundi alipoelekeza kidole, akaona viraba.

"Njo mchezo gani hii?" akauliza. "Nani anashinda?"

"Haina mchezo, chef," yaya alimjibu, akimpa cheo cha mkubwa. "Ni kama depo ya huyu papa. Mifuko ya kila mutu ilitawanyika, huku moja, kule moja. Sasa inabeba moja moja, inapeleka ku benzake. Ukizima, ile iko mu mikono yake inaanguka."

Askari alisogea karibu. Kiraba chekundu kilitoweka chini kikatokea juu. Alingoja. Kingine. Aliuliza kwa nini kile cheupe hakisogei, na fundi akaeleza kwamba hapo ni pawazi, hamna kitu. Askari akatikisa kichwa, akavuta gunia la chumvi, akaketi, akaweka bunduki magotini. Mwenzake mlangoni aliuliza kama wanaondoka.

"Ngoya imalize," alisema.

Tulikaa hivyo. Papa wa Depo, aliyekuwa amesimama ukutani muda wote, alimsikiliza vile anavyosema, akamwuliza kitu kwa lugha ya kwao. Askari aligeuka haraka. Kumbe alitoka vilima vya upande wa Beni, mwendo mfupi kutoka kwa wazazi wa Papa wa Depo, na wakaanza kutajiana vijiji, mito, mhubiri fulani mwenye sauti kubwa. Mke wa Papa wa Depo akaleta maharage na bukari, ugali wa kwetu. Yule wa mlangoni naye akaingia. Wakala wote macho kwenye skrini, na kila mstari ulipojaa rangi moja, askari mwenye ndevu aliugusa mkono wa shemeji kumwonyesha.

Grupu ilikohoa mara mbili, na mara zote mbili fundi alifumba macho. Ila ilishika. Viraba vya mwisho vilipanda mahali pake mchana jua likiwa limeanza kugeuka, na mashine ikaandika kwamba imemaliza. Yaya alifungua mwaliko mmoja kujaribu. Ulifunguka kabla hajaondoa kidole kwenye panya. Tulitazamana na kucheka, askari nao wakacheka.

Sasa tulidhani atachukua grupu. Alisimama, akaitazama, akamwuliza Papa wa Depo kama kweli ndiyo mali yake pekee ya kusagia unga. Kisha akauliza jambo jingine, sauti imeshuka. Je, hii mashine yaweza kumwandikia mama? Tangu ajiunge na vita hakuwa amempelekea habari, na huenda kule nyumbani walikuwa wameshamlilia.

Yaya akamwondoa fundi kitini.

"Sema, mwanangu," alimwambia. "Pole pole. Minaandika."

Alisema mambo machache. Kwamba yuko mzima, kwamba Lubumbashi ni mji mkubwa wenye barabara zilizonyooka, kwamba baridi ya asubuhi huku inauma, na ng'ombe apewe mdogo wake. Aliposita, yaya alingoja vidole vikiwa hewani. Hakuongeza neno lake lolote, ingawa najua alitamani kusahihisha. Printa ikachapa, askari akaishika karatasi kwa ncha za vidole vyote kumi ili asiichafue.

Waliondoka bila grupu. Alisema watatafuta kwa wazungu, na sikujua kama ni mzaha. Barua Papa wa Depo aliipeleka kwa ndege ya mizigo ndege zilipoanza tena kuruka, mkononi mwa ndugu wa mke wake, na mvua za kwanza zilipoanza ikaja habari kwamba mama alikuwa ameipata, amesomewa kanisani, na alikuwa ameuliza ni nani huko Katanga mwenye mwandiko ulionyooka namna ile. Askari mwenyewe hatukumwona tena. Tuliambiwa walihamishiwa upande wa Kinshasa.

Sekretaria iliendelea. Fundi alikuja kila mwanzo wa mwezi, Jumamosi, na siku hizo yaya aliweka kibao mlangoni kwamba hatuandiki mpaka mchana. Wamama wanaouza mboga mbele ya depo walizoea. Walifunika nyanya zao kwa vitambaa, wakaingia na viti vyao vidogo, wakaketi mbele ya viraba kutazama jinsi vinavyopanda, kila mmoja na rangi yake ya kushangilia. Papa wa Depo alipita siku moja akawakuta, akasimama akitazama mpaka mwisho, akamwuliza fundi kama hakuna programu ya namna hiyo kwa ajili ya magunia yake.